Wakuu, Inveta Inalia

Jumanne moja saa mbili usiku, kwenye grupu letu la WhatsApp la mafundi wa umeme wa jua, mtu aliandika hivi: "Habari za jioni wakuu. Samahanini kwa usumbufu, naombeni msaada wenu. Inveta ya mteja inalia, tatizo litakuwa nini? Natanguliza shukrani."

Ujumbe huo una salamu, una samahani, una ombi, na shukrani imetangulizwa. Mama yangu angemsifia aliyeuandika kwa malezi mema. Lakini fundi aliyeko Tabora, anayetaka kweli kumsaidia mwenzake, anaweza kuusoma mara tatu na bado asijue aanzie wapi. Inveta, kile kifaa kinachogeuza umeme wa betri uwe kama wa ukutani, hulia betri ikiishiwa, hulia mzigo ukizidi, hulia joto likipanda ndani yake, na nyingi hulia hata volti za betri zikiwa juu mno, yaani kinyume kabisa cha ile sababu ya kwanza.

Majibu hayakuchelewa. Betri feki hizo, mkuu. Badilisha inveta. Angalia fyuzi. Hiyo ni bodi imekufa. Njoo inboksi. Mmoja aliweka mikono ya dua, mwingine tangazo la paneli za wati 550. Wa tatu akasema hata ya kwake inalia, akatupa video ya sekunde nane ambayo ndani yake unasikia inveta, jogoo na redio ya jirani. Ndani ya dakika kumi na tano ujumbe ulikuwa thelathini na kitu, na hakuna hata mmoja uliokuwa umemsogeza yule ndugu hatua moja.

Aliyemtoa ni dada mmoja fundi wa Moshi, mtu wa maneno machache. Aliuliza mambo manne. Inveta ni ya wati ngapi na volti ngapi? Betri ni za aina gani, ngapi, zimefungwaje? Inalia muda wote, au ukiwasha kitu fulani? Una mita hapo? Kumbe vyote hivyo jamaa alikuwa anavijua. Inveta ya wati 1,500, volti 12. Betri mbili za ampea-saa 200, mpya, zimefungwa paraleli, yaani chanya kwa chanya na hasi kwa hasi. Mteja ni dobi, na inveta inalia akiwasha pasi tu. Mita anayo mfukoni.

Dada akaandika: "Mwambie awashe pasi. Pima kwenye vichwa vya betri. Usizime. Pima tena pale waya zinapoingia kwenye inveta. Leta namba zote mbili."

Namba zikaja: 12.0 na 10.7.

Sasa fuatana nami kwenye hesabu kidogo, maana hapa ndipo penye utamu. Pasi ni ya wati 1,000, na inveta nayo hula chake njiani, kwa hiyo inveta inavuta kama wati 1,130. Kwa volti 10.7, hizo ni ampea 105 hivi. Alipoulizwa waya ni wa ngapi, jamaa akajibu: wa milimita 6, umbali mita mbili. Mita mbili kwenda na mbili kurudi ni mita nne za shaba. Waya wa milimita za mraba 6 una ukinzani (ule ugumu wake wa kupitisha umeme) wa takriban omu 3 kwa kilomita, kwa hiyo mita nne ni omu 0.012 na ushee. Zidisha kwa ampea 105, unapata volti 1.3. Toa kwenye 12.0, umebaki na 10.7. Betri nzima, inveta nzima, na volti 1.3 zimepotelea kwenye waya mwembamba. Inveta nyingi za volti 12 huanza kulia zikisoma kati ya 10.5 na 11. Ilikuwa inasema kweli muda wote.

Kuna na jambo lililonitia baridi zaidi ya ule mlio. Volti 1.3 mara ampea 105 ni karibu wati 140 za joto, ndani ya waya ambao haukutengenezwa kubeba mkondo mkubwa kiasi kile, na nguo za watu zimepangwa mita moja kando. Fyuzi kati ya betri na inveta haikuwapo. (Kupiga pasi kwa betri ni anasa kwanza, lakini hilo ni la dobi na mfuko wake.) Wale waliosema badilisha inveta wangemfanya anunue inveta mpya, aifunge kwenye waya uleule, na siku moja banda la dobi lingeshika moto.

Nimelieleza tukio hili kwa kirefu kwa sababu tumezoea kuizungumzia adabu ya kuuliza kana kwamba ni suala la maneno: umesalimia, umesema tafadhali, hukuandika kwa herufi kubwa kama mtu anayefoka. Kwa kipimo hicho jamaa yetu ana adabu ya kutosha kugawia wengine. Mimi nadai kwamba kwenye shughuli ya ufundi adabu hupimwa kwa kazi uliyoifanya kabla ya kuuliza. Nani amebeba mzigo wa kwenda kuangalia, kupima, kusoma stika ya nyuma? Kama uliye mbele ya mtambo hukufanya hivyo, umemtwisha mzigo huo mtu aliyeko kilomita 600 kutoka hapo, tena bure, na ukamfungia kwa kitambaa kizuri cha "natanguliza shukrani."

Wengi wetu ufundi hatukuusomea darasani. Tuliupata kwa kumfuata mtu. Ulikuwa saidia fundi, ukishika tochi, ukikimbia kuleta spana, na siku unayouliza swali, fundi alikuwa amesimama pale pale. Unamwambia "mzee, hii inalia," naye anasogea, anagusa waya, anashtuka jinsi ulivyo wa moto, anakuzaba kofi la kichogoni, jibu umelipata. Swali lilikuwa fupi kwa sababu macho, pua na vidole vya fundi vilijazia yaliyobaki. Grupu limetunyang'anya hivyo vyote. Fundi wa kwenye simu hana pua. Hawezi kunusa bodi iliyoungua, hawezi kuligusa sanduku la inveta. Tumeuhamishia kwenye simu ule uulizaji wetu wa karakana, halafu tunashangaa kwa nini majibu yamekuwa kama bahati nasibu.

Kwa hiyo anayeuliza kwenye grupu anageuka saidia fundi wa watu asiowaona. Anawashikia tochi. Akimulika pembeni, wote wanaangalia pembeni.

Wapo waliolijua hili mapema. Tarehe 3 Julai 1991 mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki, mwenye miaka 21, aliandika kwenye kundi la majadiliano la watumiaji wa Minix, mfumo mdogo wa kuendeshea kompyuta, kwenye Usenet, ule mtandao wa zamani wa magrupu ya majadiliano. Alisema ana mradi anaoufanya ndani ya Minix, na kwa sababu hiyo anatafuta kanuni za POSIX (viwango vya namna mifumo ya kompyuta inavyopaswa kufanya kazi), kama yupo wa kumwelekeza zilipo, ikiwezekana kwa namna inayosomeka na kompyuta. Sentensi chache tu. Lakini angalia zimebeba nini: kwa nini nauliza, nataka nini hasa, nakitaka kwa sura gani. Tarehe 25 Agosti mwaka huohuo akarudi kundini. Akaeleza mashine anayotumia, programu mbili alizokwisha kuzifanya ziende, na kwamba kazi yake pengine haitakubali diski nyingine zaidi ya aina aliyo nayo, kwa kuwa ndiyo pekee aliyo nayo. Halafu akauliza watu wangependa nini kiwemo. Yule mwanafunzi ni Linus Torvalds, na ile kazi ndiyo Linux, moyo wa mfumo wa kuendeshea kompyuta, ambayo leo imo ndani ya kila simu ya Android, pamoja na hiyo unayotumia kuandikia "wakuu naombeni msaada."

Sisemi kila swali zuri litazaa Linux. Nasema barua zake zinajibika. Ukizisoma leo, miaka zaidi ya thelathini baadaye, bado unajua ungemjibu nini.

Hata hivyo, si kila adabu ya wale wazee wa Usenet inatufaa. Oktoba 1995 ulitoka mwongozo mmoja wa tabia njema mtandaoni, unajulikana kwa namba yake, RFC 1855. Mgeni anashauriwa humo asome kundi kwa mwezi mmoja hadi miwili kabla ya kuandika neno. Mwezi! Dobi ana nguo za harusi ya Jumamosi. Na lile agizo mashuhuri la "tafuta kwanza, swali lako limeshajibiwa" lilitungwa na watu waliokuwa na kumbukumbu za maandishi zinazopekuliwa. WhatsApp haikujengwa hivyo. Kwa miaka yote ya magrupu yetu, aliyeingia leo hakuona yaliyosemwa jana. Akiuliza, mkongwe mmoja anamrukia: "Hili tulishalijibu mara mia, panda juu ukasome." Apande wapi? Kwake yeye juu hakuna kitu. Ni kama kumgombeza mgeni kwa kutosikia mazungumzo ya kabla hajapiga hodi.

Hapo kosa ninalitupia upande wa pili, kwetu sisi maadmini na wakongwe. Kama swali limejibiwa mara mia, basi mara tisini na tisa sisi tulikuwa wavivu. Jibu la mara ya kwanza lilipaswa kuandikwa vizuri, likawekwa kwenye faili moja la kurasa chache, na kiungo chake kikabandikwa kwenye maelezo ya grupu. Telegram kidogo ina nafuu, kwa kuwa admini anaweza kuwaachia wageni wasome historia yote, na upekuzi wake unafanya kazi. Kwetu imechukua miaka mitatu kupata faili la kurasa sita, na ukurasa wa kwanza wa faili hilo, nakiri, nimeuandika wiki iliyofuata baada ya pasi ya dobi.

Turudi kwenye salamu, maana hapa huwa tunagombana sana. Kuna vijana, hasa wa programu za kompyuta, wamesoma kwa wenzetu wa Ulaya na Marekani kwamba kuandika salamu tupu na kusubiri kuitikiwa ni kumpotezea mtu muda, nao wakaja na sheria kwamba kwenye grupu hakuna kusalimiana. Mimi siikubali. Mswahili ukimnyang'anya salamu umemnyang'anya mlango. Aingie wapi? Lakini pia kuna huyu anayeandika "Wakuu mambo vipi," kisha kimya. Watu kumi na wawili wanaitikia. Kimya. Baada ya saa moja: "Kuna mtu ana uelewa wa kontrola?" (kile kifaa kinachosimamia uchaji wa betri). Kimya tena. Hodi tumeisikia, mlango tumefungua, na mgeni amesimama kizingitini anaangalia viatu vyake. Salamu iandikwe, tena kwa raha, ndani ya ujumbe uleule wenye swali. Hakuna anayepoteza chochote, na shikamoo ya mzee inabaki palepale.

Kosa linalonisumbua kuliko yote, lakini, si la mtu asiyeeleza. Ni la yule anayeeleza vizuri kabisa jambo ambalo silo.

Mwezi wa pili kuna fundi aliuliza ni wapi Mwanza atapata betri ya ampea-saa 200 ya aina fulani, akataja na bei aliyo nayo. Swali safi, lina kila kitu, na watu wakamtajia maduka matatu. Ni mzee mmoja tu aliyeuliza: unaitakia nini? Ikajulikana kwamba mteja ana betri moja ya 200 na paneli moja ya wati 150, na taa zinazimika saa nne usiku. Akaona betri haitoshi, aongeze ya pili. Hebu piga hesabu. Betri ya volti 12 na ampea-saa 200 inabeba wati-saa 2,400. Paneli ya wati 150, tuipe saa tano za jua kali kwa siku, inaleta wati-saa 750, kabla hujatoa upotevu wowote. Ili kuijaza ile betri moja tu ingehitaji zaidi ya siku tatu bila mtu kuwasha hata taa ya chooni. Ile betri haikuwahi kujaa tangu ifungwe, na betri ya risasi, yaani ya ledi, isiyojaa kwa miezi huganda salfeti kwenye sahani zake na kufa polepole. Kuiongezea mwenzake, tena mpya ukaifunga na ile iliyochoka, ni kuweka mtungi wa pili chini ya bomba lisilotoa maji. Alichohitaji ni paneli.

Tabia hii naijua inakotoka. Ni ileile tunayokwenda nayo duka la dawa. Mtu haelezi anaumwa nini. Anataja dawa aliyoisikia kwa jirani, na muuzaji anamkatia vidonge. Kwenye ufundi nako tunafika na dawa mkononi, tunaulizia bei. Sasa mimi nikiulizwa swali lenye jina la kifaa ndani yake, huwa sijibu mpaka niulize kifaa hicho kinakwenda kuponya nini. Wengine hukasirika. "Mkuu mimi nimeuliza duka tu." Sawa, lakini uliuliza watu mia tatu wenye akili zao, na ukazitumia kama kitabu cha namba za simu.

Kuhusu picha na sauti nitasema machache. Picha ya mita haina maana kama hazionekani ncha zilikogusa, 12.4 peke yake ni namba ya bahati. Stika ya nyuma ya kifaa ipigwe picha, isisimuliwe. Na maneno yaliyo kwenye kioo cha mtambo yaletwe kama yalivyo, herufi kwa herufi, hata kama ni ya Kichina. Kiswahili chetu kizuri, ila hapo kinatuponza: mwaka jana kijana alituambia kioo kinasema "betri mbaya," tukamshauri siku mbili nzima, alipotuma picha kioo kilikuwa kinasema volti za betri zimezidi. Betri ilikuwa nzima. Kontrola ndiyo iliyokuwa imewekewa mpangilio wa betri nyingine.

Ujumbe wa sauti unanipa tabu kidogo kuuhukumu. Hausomeki juu ya bati saa saba mchana, haupekuliki, na ukiwa wa dakika nne hakuna anayeufikia mwisho wake. Admini mwenzangu anataka tuupige marufuku. Lakini miongoni mwa mafundi bora niliowahi kuwasikia humo ndani yupo mzee anayeandika kwa shida sana. Akizungumza ni darasa. Tukipiga marufuku sauti tumempoteza yeye na wanafunzi wake wote. Tulichokubaliana ni kwamba hadithi isimuliwe kwa sauti ukitaka, ila namba ziandikwe. Mzee anaandika namba bila taabu yoyote.

Sasa hili la "njoo inboksi." Wengi wanalichukia, nami nilikuwa mmojawao. Swali limeulizwa hadharani, watu mia tatu wanasubiri kujifunza, halafu jibu linaburutwa gizani na halionekani tena. Mwezi ujao mwingine anauliza lilelile, naye anaburutwa. Grupu linageuka kijiwe cha madalali. Lakini kaa upande wa pili wa meza kidogo. Yule anayesema njoo inboksi mara nyingi ndiye anayejua kweli, na ujuzi wake ndio unga wa watoto wake. Ameona mara ngapi mtu anakuja na "swali" ambalo kwa hakika ni kazi? "Wakuu, nyumba ya vyumba vinne, friji, pampu ya maji na tivi mbili, nipangieni mfumo wote na orodha ya vifaa." Mteja huyo atalipa, na malipo yatakwenda kwa aliyeuliza. Mimi nifikiri, yeye alipwe. Huyo kaka hata aanze na shikamoo ishirini, anachoomba ni kibarua cha bure.

Mstari wa kutenganisha viwili hivyo nimeutafuta sana, na nilioupata ni huu: kama jibu linaweza kumfaa mtu wa tatu asiyehusika, ni swali la grupu, lijibiwe grupuni. Kwa nini volti zinashuka njiani, hilo linamfaa kila mtu kuanzia Tunduma hadi Lamu. Mpango kamili wa nyumba ya mteja wako ni wa mteja wako, na fundi anayekufanyia anastahili kutaja bei bila kuonwa mchoyo. Ukitaka msaada wa bure kwenye mpango huo, upange wewe mwenyewe kwanza, ulete hesabu zako, uulize umekosea wapi. Hapo watu watakuja wenyewe. Hakuna kinachomfurahisha fundi kama kusahihisha hesabu ya fundi mwenzake.

Furaha hiyo nayo ina sumu yake. Ukali wa mafundi tunausimulia kama hadithi tamu. Nimetaja kofi la kichogoni hapo juu na najua umetabasamu. Kwenye grupu kofi hilo linageuka "we fundi gani hujui hata hili?" mbele ya watu mia tatu, wakiwamo wateja wawili watatu waliojipenyeza. Aliyepigwa harudi tena kuuliza. Inveta ya mteja anayefuata ataitengeneza kwa kubahatisha, na sisi hatutajua. Wale wa Linux niliowasifu walikuwa na ugonjwa huo kwa miaka mingi. Barua za Torvalds kwa wenzake zilikuwa zinaunguza, mpaka Septemba 2018 alipoomba radhi hadharani na kukaa pembeni kwa muda. Kazi ya Linux haikusimama kwa sababu mzee amepunguza matusi. Kwa hiyo ile hoja kwamba ukali ndio unaolinda ubora, mimi nimeacha kuiamini.

Dada wa Moshi ananiambia kwamba yeye akiuliza swali grupuni, kabla jibu halijafika hupokea salamu tano inboksi kutoka kwa wanaume wanaotaka kujua kama ameolewa. Ndiyo maana siku hizi huuliza kidogo na hujibu zaidi. Mtu mwenye uwezo ule tunamzuia kuuliza! Tumewatoa wanne, na bado.

Siku hizi pia kuna wanaouliza zile programu za akili bandia, kisha wanabandika jibu grupuni kama lao. Stack Overflow, ambako waandishi wa programu wamekuwa wakiulizana tangu 2008, walipiga marufuku majibu ya ChatGPT mapema tu, Desemba 2022, kwa sababu yalikuwa yanasomeka vizuri huku mengi yakiwa na makosa. Kwetu sijaona haja ya marufuku. Akiulizwa "mita ilisema ngapi?" anayebandika hunyamaza mwenyewe.

Naacha la mwisho, nalo ndilo lililonifanya nishike kalamu. Kiswahili cha mtandaoni kina neno zuri sana, mrejesho. "Usisahau kuleta mrejesho, mkuu." Watu wote huahidi, na wengi wakishapona hupotea. Afadhali basi wangepotea tu. Wapo wanaorudi na kuandika "imekubali wakuu, asanteni," bila kusema imekubali kwa kufanya nini. Kati ya ushauri thelathini uliotolewa, upi ulikuwa wa kweli? Waliosoma hawatajua kamwe, na aliyesema "betri feki" ataendelea kulisema kwa kujiamini hadi uzee.

Yule ndugu wa pasi alirudi siku ya tisa. Picha nne: waya wa milimita 35, fyuzi kubwa karibu kabisa na betri, na mita mara mbili, ncha zikionekana. Kwenye betri 11.9, kwenye inveta 11.7, pasi ikiwa inawaka. Hakuandika samahanini kwa usumbufu. Chini ya picha akaweka swali jingine: waya ule umemgharimu sana, na stoo amebakiwa na mita ishirini za milimita 6, mteja anayefuata ana mzigo uleule na umbali uleule wa mita mbili, je, akifunga waya nne za 6 pamoja kila upande, apate 24, kuna ubaya gani? Akaambatanisha hesabu yake: volti 0.3 zitapotea njiani.

Mtu wa Kigoma akasema hesabu ni sahihi, fanya. Dada wa Moshi akasema hesabu ni sahihi lakini lagi moja (kile kichwa cha chuma kinachobanwa mwisho wa waya) ikilegea, waya tatu zitabeba mzigo wa nne, na fyuzi kubwa ya mbele haitastuka. Mzee wa sauti akatuma dakika mbili kuhusu kubana lagi, na chini yake, kwa maandishi, ampea za kila waya. Nilipozima simu saa sita usiku walikuwa wamepita ujumbe wa sitini, wanabishania lagi, na hakuna aliyekuwa amemwambia mwenzake aende inboksi.